Jogoo Mgeni na Ufagio wa Shangazi

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: La kwenye kitambulisho afande analo. Mtaani naitwa Cheche.
Umri: Miaka 19.
Kazi: Mfugaji wa kuku. Afande aliandika "hana kazi", nimemwambia afute.
Makazi: Kwa shangazi yangu, nyuma ya karakana ya baiskeli.

Mnamo tarehe 14 mwezi huu, Jumamosi, saa nne asubuhi, nilikuwa uani kwetu nabadilisha maji ya kuku. Tuna matetea kadhaa na jogoo mmoja mzee, tunamwita Mwenyekiti. Uzee umemwingia, matetea wanaatamia mpaka wanakonda, vifaranga hakuna. Ndiyo maana tulileta jogoo mwingine.

Sasa, jogoo mgeni humtupi tu katikati ya wenyeji. Hilo nimejifundisha mwenyewe, kwa simu na kwa kukosea. Unamweka ndani ya tenga, tenga linakaa bandani. Wanaonana, wanatukanana, hawagusani. Mwisho wanazoeana. Matetea walishaanza kulala karibu na tenga lake. Ilibaki kidogo tu!

Fundi baiskeli akaingia bila hodi, na wenzake wawili. Akasema, "Mafahali wawili hawakai zizi moja, Cheche. Leo tujue nani dume."

Nikamwambia, "Hawa ni kuku, fundi. Nenda kazibe pancha."

Wenzake wakamcheka. Nadhani hapo ndipo palipomuuma. Akanisukuma, akafungua tenga kwa mkono wake. Nimeona kwa macho yangu, sikusimuliwa.

Majogoo wakarukiana. Wale wawili wanapiga makofi! Nikawatupia majogoo gunia, nikawatenganisha. Mikwaruzo hii hapa mkononi, afande ameiona. Lakini Mwenyekiti alishatobolewa jicho.

Shangazi akatoka jikoni. "Nani kafungua?"

Fundi akajibu, "Limefunguka lenyewe, mama."

Shangazi akamtazama Mwenyekiti. Akachukua ufagio, akampiga fundi mgongoni mara mbili. Pigo la tatu lilimkuta getini, anakimbia.

Nasikia fundi ameandikisha kwamba shangazi alimvamia njiani, na kwamba tunapiganisha majogoo kwa kamari. Uongo mtupu. Mtu wa kamari anahangaika na tenga la nini? Alipigwa, sikatai, lakini alipigwa uani kwetu, baada ya kutuharibia.

Afande ameniuliza kama naona shangazi alikosea. Andika hivi: angechelewa kidogo, ufagio ningeushika mimi. Usifute.

Na jogoo mgeni mmemfunga kamba chini ya meza, mnamwita kielelezo. Shangazi mmemfungia selo. Wote wawili ni wa kwetu, nawataka wote wawili.

Nimesema nilichokiona, na sipunguzi neno.

Sahihi ya shahidi: Cheche

Maelezo ya afisa: Nimemsomea shahidi maelezo yake, amekubali ni sahihi. Nimemshauri aondoe maneno ya kuushika ufagio yeye mwenyewe, amekataa. Nimeagiza fundi baiskeli na wenzake wawili waletwe wahojiwe upya. Shahidi ameruhusiwa kwenda nyumbani. Hajaenda. Amekaa kwenye benchi mbele ya mlango wa selo, na kila afisa anayepita anamuuliza, "Fundi kafika?"