Dhambi ya Kuazima

Nuru, nimejifungia chooni kwa bibi, Ushirombo. Huwezi kuamini alichoniambia mama jikoni sasa hivi!

Mwaka 79, mama ana miaka tisa, anaenda kuungama mara ya kwanza. Katekista kawaambia asiye na dhambi ni mwongo. Mtoto wa watu dhambi hana! Akakumbuka kuku wa bibi aliyepotea, kaka yake Gelasius akachapwa huku akikana. Akaungama: “Nilimwiba mimi.”

Padri akasema, nenda kamwambie mama yako.

Kanasa! Akisema alibuni, kamdanganya padri kwenye kitubio. Akinyamaza, hapokei Komunyo. Akaenda, akasema.

Bibi akapiga yowe: “Nimemwonea mwanangu!” Akamchinjia mjomba Gelasius jogoo, akamwomba radhi mbele ya watu. Mjomba akashindwa kumeza, analia tu. Mama akamtazama, akaelewa nani alimla yule kuku.

Wakanyamaza wote wawili. MPAKA LEO, Nuru!

Sasa bibi yuko mezani anawaambia wajukuu, “Muwe na dhamiri kama mwanangu Mektilda, mama yenu.” Mama kakimbilia jikoni. Mjomba kawekewa paja la jogoo, kama kila mwaka tangu siku ile.

Hajaligusa.