Mjane wa Kawangware

Laini Saba, Kibera

Kwako kaka Tonny,

Pokea salamu zetu. Natumaini hapo Kisumu mko salama na kile kikohozi cha wifi kimekwisha. Sisi tu wazima, na Mama bado yuko kwenye nyumba yake.

Unajua mwenye nyumba alimpa wiki moja ahame ili ajenge ghorofa. Nikampeleka kwa Wakili Wanza, hapa Makina ninapofanya ukarani. Wanza ana ile akili bandia ya kuandika kesi. Mama alieleza mambo yake akichanganya Kiswahili na Kijaluo, analia, anaruka huku na kule, hata marehemu Baba akasemwa. Kaka, chai yangu haijapoa, mashine ilikuwa imeyapanga yote. Nilishika mdomo. Mimi na cheti changu ningehangaika wiki nzima.

Ikataja na hukumu ya zamani ya mjane muuza omena wa Kawangware, aliyefukuzwa kama Mama, akashinda. Jaji alisema mtu hang'olewi kama magugu mahali alipolelea wanawe. Nilipomsomea, Mama akasema huyo jaji lazima alilelewa na mama kama yeye. Akaanza kumwombea yule mjane kanisani. Vijana wa mwenye nyumba walipokuja na nyundo, alikaa mlangoni akawaambia mwenzake wa Kawangware hakutoka, na yeye hatoki ng'o. Wakaondoka.

Majuzi korti iliamuru asiguswe mpaka kesi isikizwe. Jirani yetu Kaltuma alipiga vigelegele hadi sauti ikamkauka.

Sasa nikwambie kwa nini naandika badala ya kupiga simu, maana Mama husikiliza. Hukumu ile haipo. Wanza aliitafuta kote kabla ya kwenda kortini, akaikosa, akaifuta kwenye hati za kesi. Mashine iliitunga yenyewe. Amri tuliipata kwa sababu notisi ya kuhama ilikuwa fupi mno. Yule mjane hakuwahi kuzaliwa, kaka, na bado ndiye aliyemkalisha Mama pale mlangoni.

Sikumwambia. Niliogopa angevunjika moyo, wamtoe. Sasa amefunga omena kwenye leso, anataka Jumamosi nimpeleke Kawangware akamshukuru. Wewe ndiwe kifungua mimba. Njoo umwambie, mimi nimeshindwa.

Wabusu watoto. Mama anakusalimu sana, na anaomba nawe umkumbuke yule mwenzake katika sala zako, asije akasumbuliwa tena.

Ni mimi dadako,
Amondi