Msumari wa Mzee Kiprono

Mama mkwe wangu kipenzi,

Ukuta umejaa! Alhamdulillahi, umejaa pomoni, na nani mwingine nimwambie kabla yako?

Unakumbuka nilivyokaribia kuiua hoteli yetu ya Bondeni? Mzee Kiprono, fundi wa reli, alisema chai imepoa. Nami na mdomo wangu huu nikamjibu mbele za watu: "Ukitaka ya moto, kanywe kwa mkeo!" Aliondoka, na wenzake wa stesheni wakamfuata mmoja mmoja hadi ile hoteli mpya ya ng'ambo ya barabara, yenye santuri na viti vya kuegemea. Wiki mbili tulikaa tukitazamana na mandazi. Biashara uliyoianzisha kwa sufuria moja ilikuwa inakufa, na muuaji ni mimi.

Vikombe vyao vya bati vilibaki ukutani, kila mteja na msumari wake, kama ulivyowazoesha. Nikasema tuvitupe, maana wametudharau.

"Zuhura," ukaniambia, "kikombe kikiwa kwetu, mwenyewe hajaondoka. Vioshe."

Kila asubuhi! Vikombe visivyonywewa na mtu! Nilivisugua kwa jivu huku nikinung'unika, nawe ukijifanya husikii. Lo, nilikuchukia siku zile, nisamehe.

Halafu asubuhi moja Mzee Kiprono akasimama mlangoni. "Nimekuja kuchukua kikombe changu."

Nilikiangua, nikakijaza chai inayochemka, tangawizi nyingi na sukari kidogo, kama anavyopenda. Nikampa kwa mikono miwili. "Mzee, nilikukosea mbele za watu. Naomba radhi mbele za watu." Ndani walikuwa watatu tu, lakini nilipaza sauti ifike ng'ambo.

Alikigeuza kikombe, akakikagua. "Kwani mlikuwa mnakiosha?"

"Kila siku, mzee."

Akapuliza, akanywa, akapuliza, akanywa, wima hadi chai ikaisha. Kisha akaenda mwenyewe kukitundika kwenye msumari wake. "Kesho niwekee na mandazi mawili." Wewe huko jikoni ukapiga vigelegele utadhani nimejifungua mapacha! Kufikia Ijumaa stesheni nzima ilikuwa imerudi, na santuri ya jirani ikawaimbia nzi.

Tangu tukuzike, kikombe chako kilikuwa kwenye msumari wa kwanza, karibu na mlango. Sikuruhusu mtu akiguse. Jana akaja hamali mgeni na kikombe chake mkononi, akawa anatafuta pa kukitundika. Hapakuwa na nafasi. Nikababaika, machozi yakanilenga, lakini nilijua ungesema nini: mteja hasimamishwi.

Nikakiteremsha chako. Msumari wako ni wa yule hamali sasa, mama, na leo amerudi na rafiki zake wawili.

Kikombe chako nakinywea mimi, hapa jikoni, chai ikiwa moto.

Lala salama, mama.

Mkaza mwanao mwenye mdomo,
Zuhura