Maneno Ambayo Mzee Hakusema

Jumanne, 5 Agosti

Projekta tena, tangu asubuhi. Kitambaa cha kuonyeshea picha kimekazwa vizuri sasa. Ni chepesi kama chandarua. Ukisimama mbali hukioni, unaona tu mtu amesimama hewani. Leo mtu mwenyewe ni mzee wa Kabianga. Marehemu. Familia inamfanyia ibada ya kumbukumbu Jumamosi ya wiki ijayo. Kofia, koti, fimbo. Dan, mwenzangu wa kompyuta, amemtoa kwenye video ya harusi ya binti mmoja wa mzee. Tumewahi kufanya hologramu ya mwimbaji, na ya trekta. Ya mtu aliyekufa, hapana.

Chai yangu imepoa nikimwangalia.

Alhamisi, 7 Agosti

Wesley ametuma maneno. Yeye ndiye kifungua mimba wa mzee, na ndiye aliyetupa kazi hii. Anataka baba yake aongee. Kompyuta itaiga sauti kutoka kwa video. Asanteni kwa kuja. Asante kanisa. Mpendane. Halafu mwisho kabisa: shamba la chini nimemwachia Wesley.

Nimempigia simu kuuliza kama mzee aliwahi kusema hivyo. Amesema, "Angesema, kama angepata nafasi."

Dan anasema sisi ni mafundi, si mahakama. Nimemjibu vibaya. Hatujaongea tangu saa saba.

Ijumaa, 8 Agosti

Dan amemaliza sauti. Tumezima taa. Mzee amefungua mdomo, amesema, na midomo imefuatana na maneno barabara. Hata kikohozi kidogo katikati. Mimi mwenyewe ningeamini. Watu watalia, na wakishalia nani atabisha?

Nilitoka nje. Mvua. Nilichukia kwamba kazi ni nzuri hivi.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimeenda Kabianga kupima mahali pa hema. Kweli nilienda kupima. Lakini nilijua nina lingine.

Mama, mjane wa mzee, alinipa chai na viazi vitamu. Chelangat, kitinda mimba wake, alikuwa anatoka shamba la chini na kikapu mgongoni. Ndiye anayechuma chai huko tangu baba yake augue. Hajaolewa. Analala chumba cha nyuma ya jikoni.

Mama aliniuliza polepole, kama mtu anayeogopa jibu: "Kerubo, nikimuuliza kitu, atanijibu?"

Nikamwambia hapana, Mama. Ni picha tu. Tena maneno si yake. Nikamwambia yote, pamoja na ya shamba.

Hakulia. Chelangat alitua kikapu chini. Mama alifunika birika, akakaa. Mwishowe akasema, "Mzee aliniacha mimi hapa. Hakuacha mashine."

Nimerudi mjini Kericho. Sijui kama nimesaidia au nimechoma nyumba ya watu.

Jumanne, 12 Agosti

Wesley amekuja ofisini. Hakukaa. Alisema nimeingia kwa boma lao na viatu. Alisema mimi Mkisii nimejuaje mambo ya mashamba yao. Nimezaliwa Londiani, kaunti hii hii, lakini sikumjibu hilo. Nilimwambia kitu kimoja tu: picha nitaweka, maneno siweki.

Ameondoka bila kusema kama kazi iko au haiko.

Dan alikuwa amesikia yote. Akaifuta ile sauti bila kuambiwa. Ndiyo mara ya kwanza nimemuona anafuta kazi yake mwenyewe.

Alhamisi, 14 Agosti

Wesley hajapiga simu. Nimeogopa siku nzima. Mji huu ni mdogo; Wesley akinisema vibaya kwa makanisa, kazi zitakauka.

Jioni, simu ya Mama. Tuje. Mzee tumlete, ila asiongee. "Mlete akicheza," akasema. "Kwa harusi alicheza."

Jumamosi, 16 Agosti

Imeisha. Imeisha vizuri. Naandika nikiwa bado na matope miguuni.

Mvua ilianza wakati wa mahubiri na nilifikiri hema litatuangukia. Halikuanguka. Tulishusha mapazia meusi, Dan akawasha. Mzee akatokea katikati ya jukwaa, mzima, na akaanza kucheza. Vibaya. Mguu wa kushoto unachelewa, kofia inataka kuanguka, anaidaka. Watu wakanyamaza kabisa. Nikafikiri, basi, tumewatisha. Halafu mtu akacheka. Alikuwa Mama. Akacheka mpaka akashika tumbo, na hema lote likamfuata, wengine wakilia humo humo.

Taa ziliporudi Mama alisimama. Alikuwa mfupi kuliko maikrofoni. Aliyekuja kumshikia ni Wesley. Mama akashukuru watu, kisha akasema, "Shamba la chini, Chelangat ataendelea nalo. Hayo ni maneno yangu, na mimi niko hai."

Nilimwangalia Wesley. Maikrofoni aliendelea kuishika. Macho alikuwa ameinamisha.

Tukipakia vyombo alikuja. Alishika upande mmoja wa sanduku la projekta, mimi mwingine, tukabeba.

"Alikuwa anacheza vibaya kweli," akasema.

"Vibaya sana."

Akacheka kidogo. Hakuomba msamaha, na sikuhitaji. Kifua changu chepesi, kama mtu aliyetua kuni.

Jumapili, 17 Agosti

Nimelala mpaka jua limepanda. Sikuenda kanisani. Nimeenda Londiani kwa Baba.

Alikuwa nje anachagua viazi vya mbegu. Nilivuta kiti. Akaniambia juu ya baridi, juu ya ng'ombe wa jirani, juu ya mbegu mpya ambayo haiamini. Nilitoa simu nimrekodi. Nikairudisha mfukoni.

"Endelea, Baba," nikamwambia.

Akaendelea.