Kopo Juu ya Mafiga

Kashai, Bukoba
3 Februari 2025

Dada Annastella,

Shikamoo. Mmeamkaje hapo Buganguzi? Mvua ya juzi haikuangusha migomba? Mimi mzima.

Naandika kwa sababu Jumapili ulinikatia simu, na pia jambo lenyewe halifai kutajwa hewani. Biskuti nilizomwachia Mama zina bangi. Nilimweleza, akacheka, akasema maumivu ya nyonga hayamuulizi mtu dini. Kule Kanada, nilikotunza wazee miaka tisa, zinauzwa dukani mchana kweupe. Hapa ni jela, kwa hiyo tujue sisi watatu tu.

Sasa zitunze. Joto, mwanga na hewa huua nguvu yake, na siagi iliyomo huchacha. Funga kopo mpaka mfuniko ulie. Liweke ndani ya mtungi mtupu wa Bibi, chini ya kitanda, ambako kuna giza na ubaridi. Wanao wasilifikie kabisa; watadhani ni biskuti za kawaida. Mama apewe robo tu, alasiri. Tafadhali usibadilishe chochote.

Mdogo wako,
Edvina

Buganguzi, Muleba
10 Februari 2025

Mdogo wangu Edvina,

Marahaba. Migomba imesimama. Umeandika karibu ukurasa mzima kuhusu afya ya biskuti. Kuhusu mgongo wangu, hata mstari mmoja hakuna.

Ninyi mliosafiri mna ugonjwa mmoja: mnadhani dawa ni ile iliyopanda ndege. Bangi ikiota nyuma ya nyumba ya jirani yetu Mujuni ni uhuni, anakuja kuchukuliwa kwa pingu. Ikifungwa kwenye kopo la Kanada ni tiba, na inakuja na maagizo. Nani aliyewapa ninyi haki ya kubatiza majani?

Lakini inafanya kazi, nakiri. Katekista Karugendo alipokuja kumsalimia, Mama alimwambia kwamba Edvina amemletea usingizi kutoka ng'ambo. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale na sufuria ya uji. Miaka sita namkanda miguu kwa samli kila alasiri. Juzi niliipasha samli, nikaingia, nikamkuta amelala anatabasamu. Nikairudisha jikoni. Ilikuwa bado moto.

Kopo liko salama.

Dada yako,
Annastella

Kashai
17 Machi 2025

Dada,

Shikamoo. Natumaini u mzima, maana Mama si mzima.

Jana alinipigia kwa simu ya Clavery, yule mwenye duka. Biskuti hazimsaidii tena, ni wiki tatu sasa. Sauti yake sikuitambua. Biskuti iliyotunzwa vizuri haifi kwa mwezi mmoja. Kopo uliliweka wapi?

Na kwa kuwa ulianza kuhesabu, nami nihesabu. Nilipokuja Januari, Mama aliniletea kahawa za kutafuna kwenye kile kikapu kidogo, akanishikia kwa mikono miwili, kama anavyomfanyia katekista. Mgeni ndiye hupewa kahawa. Wewe hajakupa hata siku moja. Wewe anakwambia, "Anna, hebu." Unadhani sikusikia tofauti? Ningetoa miaka yangu yote tisa niitwe hivyo mara moja.

Nijibu.

Edvina

Buganguzi
20 Machi 2025

Mdogo wangu,

Marahaba. Kaa chini kwanza.

Kopo nililiweka juu ya mafiga, kwenye uchaga wa jikoni, mfuniko wazi. Ningeweza kukwambia kwamba nilikosea: senene wakavu na mbegu za maharage hukaa pale miezi bila kuharibika, nami nilidhani moshi hutunza kila kitu. Ungeniamini. Sikukosea. Niliisoma barua yako mara mbili ili nijue kinyume chake ni nini.

Siku ya tisa Mama aliniita. "Anna, hebu miguu." Edvina, nilikwenda na samli yangu kama bibi harusi. Nikakanda. Kisha nikainua macho nikaona ameuma kanga ili asilie. Mikono yangu haifiki pale ugonjwa ulipofika. Nilijua hivyo siku ile, na bado nilisubiri zaidi ya wiki tatu.

Leo asubuhi nimezichoma zilizobaki, nikamweleza Mama. Akasema, "Nilisikia moshi ndani ya biskuti tangu mwanzo." Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema, "Ningesema, mmoja wenu angeshindwa."

Sina la kujitetea.

Annastella

Kashai
31 Machi 2025

Dada Annastella,

Shikamoo. Mgongo wako unaendeleaje?

Barua yako nimekaa nayo siku kumi. Nimekutukana humu chumbani mpaka jirani akagonga ukuta. Biskuti nyingine sina, na hata ningekuwa nazo nisingeleta.

Nilikwenda hospitali. Muuguzi mmoja, Rugambwa, anahudumia majumbani wagonjwa wa saratani kama Mama. Ataandamana nami Jumamosi na dawa ya maji ya maumivu, halali, yenye muhuri. Anashangaa kwa nini hatukuanzia kwake, na mimi najua kwa nini. Niliisikia habari yake tangu Januari. Dawa yake ingekuwa ya hospitali, nami nilitaka iwe yangu. Kwa hiyo maumivu ya Mama tuliyagawana, wewe na mimi.

Nikifika, kikapu cha kahawa kifichwe. Nipe samli, nifundishe kukanda. Niachie mguu mmoja.

Mdogo wako,
Edvina

Buganguzi
3 Aprili 2025

Mdogo wangu Edvina,

Marahaba. Mgongo unauma, asante kwa kuuliza.

Njooni. Mtungi nimeuosha, uko chini ya kitanda, unangoja dawa ya Rugambwa. Mama nimemwambia hupewi kahawa, amesema ataona.

Mguu wa kushoto ni wako. Wa kulia ndio unaouma zaidi, na huo sikupi.

Dada yako,
Annastella