Ukuta wa Futi Sitini

Karen, Nairobi
3 Mei 1957

Mama mpendwa,

Salamu nyingi. Blanketi nimempa Were akuletee.

Mimi bado karani wa ujenzi. Kila mwezi naiandikia serikali kazi tuliyofanya. Machi niliandika ukuta, futi sitini. Aprili ukaanguka, tukaujenga upya, nikaandika tena futi sitini. Nilimuuliza bwana mkubwa kama nitoe ule wa kwanza. Akanifokea, "Wanataka kazi iliyofanywa, si iliyosimama!" Basi karatasi inasema tumeendelea vizuri.

Uliuliza mbona mdogo wangu Oloo haandiki. Ukuta ule wa kwanza aliujenga yeye, mama, na ndio uliomwangukia. Karatasi haina mahali pa kumwandika.

Njoo na shangazi Peres. Usije peke yako.

Mwanao,
Tobias