Ufunguo Wangu Haukuingia Sandukuni

Mama yangu,

Nimeolewa. Natamani ungeuona uso wa Fidèle nilipoingia kanisani hapa kambini Dzaleka. Alilia mbele ya kwaya nzima, na mimi nikampenda upya. Ndugu zake bado wanamcheka. Wacha wacheke. Hata akikohoa nampenda.

Lakini nina jingine la kukuambia.

Ofisi ya Lilongwe ninayoifanyia tafsiri ilinipa ufunguo mdogo wa kuchomeka kwenye kompyuta. Ndani yake kuna cheti cha kidijitali chenye majina yote mawili uliyonipa. Nikimaliza tafsiri nauchomeka, naandika namba yangu ya siri, naugusa, na kazi inapata sahihi yangu. Siri ya sahihi haitoki humo, na hakuna awezaye kuinakili. Nauvaa shingoni.

Jumapili baada ya arusi, mama mkwe alileta sanduku la bati. Kwao karatasi za wote hukaa humo, na kufuli ni lake. Akanyoosha mkono kwenye ufunguo wangu: "Binti yangu, leta na hiyo clé yako. Nyumba moja, sanduku moja."

Mama, nilikuona wewe. Karatasi zetu zote zilikuwa kwenye mfuko wa mjomba, na mfuko ukapotea tulipokimbia Fizi. Nilikuona kwenye kila meza ya kuandikisha wakimbizi ukiwaambia makarani waliolitilia shaka jina lako, "Mi njo mi. Mutanipima na nini?"

"Hapana, Mama," nikamjibu mkwe wangu. "Hii inabaki kwangu."

"Unaogopa tutaiiba?"

"Mukiiba haitabasaidia. Namba iko kichwani mwangu."

Wifi akaacha kutafuna. Nilidhani ndoa yangu imekwisha kabla sufuria za zawadi hazijapata masizi. Ndipo Fidèle wangu akasema taratibu, huku anamenya ndizi, "Mama, hata mi siijui hiyo namba. Na sitauliza."

Unaelewa sasa kwa nini nampenda?

Mama mkwe alifunga sanduku lake. Siku hizi ananiita Madame Clé. Namwitikia kwa adabu, nampakulia nsima, ugali wa huku, na ufunguo uko palepale shingoni.

Pumzika, Mama. Nakuahidi jina ulilonipa halitabebwa tena kwenye mfuko wa mtu mwingine. Barua hii nimeiandika kwenye kompyuta, na sasa nimeugusa ufunguo. Majina yangu yametokea, yote mawili.

Mi njo mi, Mama. Waje wapime.

Binti yako,
Furaha Mapendo